Kilichotoka Chico: masomo ya Sierra Nevada kwa mpika bia mdogo

Anayeanza kupika bia ya hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, awe Nairobi, Arusha au Kampala, anapita Chico hata kama hajawahi kuusikia mji huo. Njia yenyewe ni pakiti ya gramu 11.5 ya hamira kavu iliyoandikwa SafAle US-05. Hamira hiyo, pamoja na zile za maji zinazouzwa kwa majina ya Wyeast 1056 na White Labs WLP001, ni za ukoo mmoja. Wapika bia huuita ukoo huo "Chico", kwa sababu ndio uliopika bia za Sierra Nevada, kiwanda kilichozaliwa katika mji huo wa kaskazini mwa California. Tumeirudia bia yao iitwayo Pale Ale mara nyingi kuliko bia nyingine yoyote, maana ni bia isiyoficha kosa. Kila ulichokosea jikoni utakikuta kwenye glasi, na kwa ladha yake yenyewe.

Ken Grossman alianza kama muuza duka. Mwaka 1976 alifungua duka la vifaa vya kupikia bia na divai nyumbani pale Chico, wakati kupika bia nyumbani kulikuwa bado hakujahalalishwa na sheria ya Marekani. Ruhusa ilikuja kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Hopsi nzuri hazikuwa zikiuzwa kwa watu wadogo. Wafanyabiashara wa Yakima, jimbo la Washington, walizoea wateja wanaonunua kwa marobota. Grossman aliendesha gari hadi huko akawaomba wamuuzie vipande vya sampuli, vile vinavyokatwa kwenye robota ili mnunuzi mkubwa anuse kabla ya kuagiza. Mwaka 1979 yeye na Paul Camusi wakaanzisha Sierra Nevada, na tarehe 15 Novemba 1980 wakapika pishi la kwanza, bia nyeusi ya stauti. Matangi yalitoka viwanda vya maziwa, mashine ya kujazia chupa ilikuwa ya soda, na sehemu kubwa ya kukata na kuchomelea alifanya Grossman mwenyewe.

Viko viwanda viwili walivyovikuta njiani. Cha kwanza ni Anchor ya San Francisco, ambako Fritz Maytag, aliyeinunua mwaka 1965, alikuwa ameonyesha kwamba kiwanda kidogo kinaweza kuishi kwa kuuza bia yenye tabia yake. Cha pili ni New Albion, kilichoanzishwa na Jack McAuliffe huko Sonoma mwaka 1976. New Albion ilipika pipa moja na nusu kwa pishi, kama lita 175, na mwaka 1982 ikafungwa. Sierra Nevada ilianza na mapipa 10, kama lita 1,170.

Hesabu hii wengi wanaotaka kufungua biashara hawaipendi, lakini ni ya kweli. Pishi la lita 50 na pishi la lita 500 yanakula siku ileile. Kuchemsha ni saa moja au moja na nusu kwa vyote viwili, kuosha ni kulekule, kupoza kunakaribiana. Anayepika lita 50 kwa siku nzima na kuziuza hawezi kujilipa mshahara, hata akiuza zote. Vyombo vidogo ni vya kujifunzia na kujaribia mapishi, na kwa kazi hiyo ni bora kuliko vikubwa, kwa sababu kumwaga lita 20 kunauma kidogo. Ila usivigeuze biashara kwa kuvipigisha kazi kila siku, maana mpishi huchoka kabla ya soko kukua. Na kabla ya kuuza hata chupa moja, kamilisha leseni za nchi yako.

Sasa ladha. Hopsi aina ya Cascade ilitolewa rasmi mwaka 1972, baada ya miaka ya utafiti wa serikali huko Oregon. Anchor waliitia kwenye Liberty Ale mwaka 1975. Sierra Nevada wakaifanya sura ya bia ya kila siku, bia ambayo mtu anainywa Jumanne akitoka kazini, na hapo ndipo mkoa mzima ulipobadilika. Mnywaji aliyezoea bia nyepesi baridi alijifunza kwamba uchungu una harufu, na kwamba harufu hiyo inaweza kuwa ya tunda. Waliokuja baadaye California, wakiwemo Lagunitas mwaka 1993 na wapishi wa IPA, bia yenye hopsi nyingi na kali kuliko Pale Ale, walikuta mlango umeshafunguliwa. Wakati Grossman anaanza, Marekani nzima haikufika viwanda 100 vya bia. Leo vimepita 9,000.

Ili uelewe, chukua ua moja la Cascade lililokaushwa ulipasue kwa urefu kwa kucha. Ndani, kwenye shina la vijani, kuna unga wa manjano unaonata kama utomvu. Hiyo ndiyo lupulini, na uchungu na harufu ya hopsi imo humo. Sugua ua viganjani mpaka viganja vipate joto. Ukinusa papo hapo utapata majani makavu. Subiri kidogo, nusa tena: ganda la balungi, msonobari, kidogo ua la waridi. Ikinuka jibini au soksi, hopsi imezeeka. Usiitie, hata kama uliilipia ghali na ilisafiri mbali. Kwetu hapa karibu na ikweta hopsi haistawi vizuri, kwa kuwa inataka siku ndefu za kiangazi ili itoe maua. Kwa Afrika inalimwa kibiashara kusini kabisa, eneo la George huko Afrika Kusini. Yetu ni ya kuagiza, mara nyingi ikiwa imeshindiliwa kuwa vidonge. Ikae kwenye friza, kwenye mfuko usio na hewa. Mfuko uliofunguliwa ukakaa wiki mbili juu ya kabati la jiko umeshaharibika.

Pishi la lita 20 kwa mtindo wa Chico tunalipika hivi: kimea cheupe cha shayiri kilo 4.3, kimea cha karameli cha rangi ya wastani gramu 400. Hopsi ni Magnum gramu 16 dakika 60 kabla ya kuzima moto, Perle gramu 15 dakika 30 kabla, Cascade gramu 25 dakika 10 kabla, na Cascade nyingine gramu 40 moto ukishazimwa. Hamira pakiti moja. Kabla ya kuchacha, haidromita (kipimo cha sukari iliyomo kwenye maji ya kimea) isome 1.052, na mwisho ishuke hadi 1.010 au 1.011, yaani kilevi cha asilimia 5.4 hivi. Bia yao yenyewe ni asilimia 5.6 na uchungu wa IBU 38 (IBU ni kipimo cha uchungu wa bia). Hesabu ya hopsi hapa imechukulia Magnum ya asilimia 12 ya asidi alfa (kemikali ya hopsi inayoleta uchungu), Perle ya 8 na Cascade ya 6. Namba hiyo imechapwa kwenye mfuko na hubadilika kila mavuno, kwa hiyo pima upya. Gramu 16 za Magnum ya asilimia 14 zitakupa bia nyingine.

Kosa la kwanza hutokea kabla hata maji hayajapata moto, kwenye kusaga. Wengi hupeleka kimea kwenye mashine ya posho wakarudi na unga. Kimea cha bia hakisagwi hivyo. Kinapasuliwa kwa rola ili kiini kitoke na ganda libaki zima, kwa sababu ganda ndilo chujio lako. Ukitumia unga, sufuria itageuka uji mzito, maji hayatapita, na utakaa saa tatu ukikoroga na kulaumu bomba. Kama huna rola na mashine ya posho ndiyo iliyopo, mwombe fundi alegeze mawe yawe mbali kadiri iwezekanavyo, jaribu kwa kiganja kimoja kwanza, halafu changanya na pumba za mpunga zilizooshwa, gramu 300 kwa pishi hili. Kimea kilichopasuliwa sawasawa ukikishika mkononi kinaonyesha maganda mazima, vipande viwili vitatu vya kiini, na unga kidogo tu unaobaki kwenye mistari ya kiganja.

Pasha maji lita 13 hadi digrii 74, mimina kimea huku ukikoroga ili kisifanye mabonge, na mchanganyiko utatulia kwenye digrii 67. Ushikilie hapo dakika 60. Digrii chache zina maana kubwa. Kwenye 63 bia inatoka kavu na nyepesi, kwenye 71 inabaki na utamu usiochacha na unamchosha mnywaji kwenye glasi ya pili. Tumia kipimajoto ulichokihakiki. Kitie kwenye barafu inayoyeyuka, kisome sifuri. Kikisoma 2, unajua unavyodanganywa. Baada ya saa moja, chuja polepole na suuza kwa maji lita 16 ya digrii 76. Ukizidisha joto au kusuuza mpaka maji yanatoka hayana ladha, unakamua ukakasi wa maganda, ule wa chai iliyokaa kwenye birika tangu asubuhi.

Maji yenyewe yana mambo yake. Maji ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na kemikali za kimea hutoa harufu ya dawa ya kusafishia vidonda, ambayo mnywaji huihisi hata ikiwa kidogo sana. Yaache maji wazi usiku kucha, au yachemshe, au tia chembe ya metabisulfaiti. Ndiyo maana pia hatushauri jiki kwenye vyombo vya bia. Tone lililobaki kwenye bomba la plastiki linatosha kuharibu lita 20. Maji laini, kama mengi ya Nairobi, yanafaidi gramu 4 za jasi safi ya chakula kwenye pishi zima, maana jasi huuchongoa uchungu ukawa safi. Kwa maji ya kisima cha Dar es Salaam yenye chumvi, jasi haitakuokoa. Nunua maji yaliyochujwa.

Kuchemsha kunataka maelezo ambayo mapishi ya California hayatakupa, kwa sababu wao wako karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi, na maji yanachemka kwenye digrii 94 hivi. Arusha, mita 1,400, ni 95 na kidogo. Uchungu wa hopsi hautoki wenyewe. Asidi alfa lazima ibadilishwe na joto ndipo iyeyuke, na badiliko hilo hupungua haraka joto linaposhuka. Kwenye digrii 94 linakwenda kwa kasi ya karibu asilimia 60 ya ile ya digrii 100. Anayefuata karatasi neno kwa neno anapata bia tamu, akadhani kimea kimezidi, akapunguza kimea, na kosa likawa mawili. Chemsha dakika 90 badala ya 60, na hopsi ya kwanza iingie mwanzoni mwa hizo 90, au ongeza hopsi hiyo kwa robo. Usiguse Cascade ya mwisho. Hiyo inatafutwa kwa harufu, na joto la chini kidogo linaitunza harufu vizuri zaidi. Anayepika Mombasa au Dar asibadilishe kitu.

Ukishazima moto, tia Cascade ya mwisho, zungusha kwa mwiko upande mmoja mpaka yafanye kisulisuli, acha dakika 15, kisha poza upesi hadi digrii 18. Kuanzia hapo, chochote kinachogusa maji hayo kiwe kimeoshwa na kuuliwa vijidudu. Ni mambo mawili, na huwezi kuua vijidudu kwenye uchafu. Osha kwanza, suuza, ndipo utie dawa isiyosuuzwa kama asidi ya perasetiki au iodofo kwa kiwango cha kwenye chupa. Sehemu zinazosahaulika ni zilezile kila mahali: uzi wa ndani wa bomba la kufungulia, mpira wa mfuniko, na mkwaruzo wa ndoo ya plastiki. Fungua bomba kipande kwa kipande kila pishi. Matangi ya maziwa yaliwafaa Sierra Nevada kwa sababu hii pia. Maziwa hayana huruma na uchafu, kwa hiyo chuma chake kimelainishwa na maungio yake hufunguka yote.

Simulizi ya kiwanda hicho inayopaswa kubandikwa ukutani ni ya mapishi ya mwanzo ya Pale Ale. Hayakuwa na sumu wala hayakuoza, ila hayakufanana, na wakayamwaga, moja baada ya jingine, wakati fedha zilikuwa za kukopa kwa ndugu na marafiki. Kasoro ilikuwa kwenye uchachukaji, na dawa yake ikawa kuipa hamira hewa zaidi mwanzoni. Maji ya kimea yaliyochemka hayana hewa ndani yake, na hamira inahitaji oksijeni ili ijenge ngozi za chembe mpya. Isipoipata inaanza kwa kuchelewa, inaacha sukari, na inatoa harufu ya tufaha bichi au siagi. Kwa pakiti mpya ya hamira kavu tatizo hili ni dogo, maana imetayarishwa ikiwa na akiba yake. Kwa hamira uliyoivuna kutoka pishi lililopita ni lazima: tikisa chombo kwa nguvu dakika tano, au mimina kutoka juu kati ya ndoo mbili safi mpaka povu lijae. Hewa ni ya saa hiyo moja tu. Baada ya hapo ni adui, na tutaikuta tena kwenye chupa.

Kuchacha ndiko kunakotenganisha wapika bia wa pwani na wale wa nyanda za juu. Hamira ya Chico inataka digrii 17 hadi 19, kipimo cha bia yenyewe, si cha chumba. Inapofanya kazi inajipasha, na katikati ya ndoo huwa digrii 3 hadi 5 juu ya chumba. Chumba cha Dar cha digrii 30 maana yake bia iko 34, na utapata harufu ya thina na kichwa kinachouma asubuhi. Dawa ya kudumu ni friza ya mlalo iliyounganishwa na themostati ya nje, kihisi chake kikibandikwa kwenye ubavu wa ndoo chini ya kipande cha sponji. Ikining'inia hewani, themostati inapima hewa na bia inaungua pembeni yake. Asiye na friza aiweke ndoo kwenye beseni la maji, aifunike kwa kanga iliyolowa, feni iipulize, na chupa mbili za barafu zibadilishwe asubuhi na jioni. Inashusha digrii 5 au 6. Kwa Arusha au Limuru msimu wa baridi inatosha kabisa. Kwa Dar haitoshi. Siku tatu za kwanza ndizo zinazoamua ladha, kwa hiyo kama barafu ni chache, itumie humo.

Povu likishaanguka, kama siku ya tano, acha joto lipande hadi digrii 20 au 21 kwa siku tatu. Hapo hamira inameza tena ile harufu ya siagi iliyoitoa mwanzoni. Mwenye haraka akiipoza mapema anaifungia humo. Jaribio ni rahisi: mimina bia kidogo kwenye gilasi mbili, funika zote kwa foili, moja itie kwenye maji ya digrii 60 kwa dakika 20, kisha ipoze, linganisha. Iliyopashwa ikinuka siagi na nyingine hainuki, subiri siku mbili zaidi.

Kwa anayetaka harufu zaidi, Sierra Nevada waliacha kifaa ambacho kimejadiliwa sana na wapika bia: torpido, silinda ya chuma kisichoshika kutu inayojazwa maua mazima ya hopsi, kisha bia inazungushwa kutoka tangini, ikapita humo na kurudi, bila kukutana na hewa. Bia yao ya Torpedo ilitoka mwaka 2009. Kwa lita 20 torpido haihitajiki. Tia gramu 40 za vidonge vya Cascade uchachukaji ukikaribia kwisha, ziache siku tatu, si zaidi ya tano. Zikikaa sana zinatoa ladha ya nyasi. Na usizitie kwenye mfuko wa kitambaa uliokazwa. Vidonge vinavimba mara kadhaa, na katikati hubaki pakavu.

Chupa sasa. Sierra Nevada walichagua kuipa bia gesi ndani ya chupa kwa hamira hai, na hilo lina faida kwa mdogo asiye na mashine: hamira inakula oksijeni iliyoingia wakati wa kujaza. Sukari ya kawaida gramu 120 kwa lita 20, iliyochemshwa kwenye maji vikombe viwili, iwekwe chini ya ndoo safi na bia iingie juu yake kwa mpira unaofika chini kabisa, bila kumwagika. Kabla ya hapo haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo. Atakayejaza chupa ikiwa bado 1.018 kwa kuwa wageni wanakuja Jumamosi ametengeneza chupa zitakazopasuka, na kioo cha chupa inayopasuka kinakata vibaya. Usikadirie sukari kwa kijiko ndani ya kila chupa. Moja itatoka maji, nyingine itamwaga povu hadi dari.

Chupa iwe ya kahawia. Mwanga wa jua ukipita kwenye kioo cha kijani au cheupe unavunja kemikali za hopsi na bia inanuka kicheche, dakika chache tu zinatosha. Kisoda nacho si kitu kidogo. Kwa miaka mingi Sierra Nevada walitumia visoda vya kuzungusha kwa mkono, na katika miaka ya 2000 wakahamia vya kufungua kwa opena, kwa sababu utando wa ndani wa hivyo unazuia hewa vizuri zaidi. Wateja walipoteza urahisi, bia ikapata miezi. Hewa iliyoingia kwenye chupa haionekani wiki ya kwanza. Wiki ya sita harufu ya balungi imekwenda, mahali pake pamekuja boksi la karatasi lililolowa na asali iliyochakaa. Wapishi wengi hulaumu hopsi hapo, wakati kosa ni mpira wa kujazia uliokuwa juu ya bia badala ya chini yake.

Mtuamo wa hamira chini ya chupa utaulizwa na kila mnywaji aliyezoea bia za viwanda vikubwa. Aliyekua na mbege ya Kilimanjaro au busaa ya magharibi mwa Kenya haulizi, anajua pombe hai ilivyo. Mwambie mgeni amimine taratibu mpaka kibaki kidole kimoja chini.

Novemba 8, 2018, moto ulioitwa Camp Fire uliteketeza mji wa Paradise, jirani na Chico, na kuua watu 85. Sierra Nevada walitunga bia ya IPA wakaiita Resilience, wakalitoa pishi lenyewe wazi, vipimo na hopsi zote, na kuwaomba wengine walipike na kutoa mapato yote kwa waathirika. Viwanda zaidi ya 1,000 vilipika. Wauza kimea na hopsi walichangia malighafi. Washindani wa duka moja walipika bia moja kwa karatasi moja, na hilo liliwezekana kwa sababu tangu zamani kiwanda hicho hakikuyafanya maarifa yake siri. Tukiona mpika bia wa kwetu anaficha aina ya hamira yake tunasikitika, kwani hamira yenyewe pengine ni Chico kama yetu.

Na hamira ndiyo ya kugawana kwa urahisi kuliko vyote. Ukishahamisha bia kwenda kwenye chupa, chini ya ndoo unabaki na tope la rangi ya krimu. Mimina maji yaliyochemshwa na kupozwa, kikombe kimoja, zungusha, ngoja dakika 10 mabaki mazito ya hopsi yazame, kisha mimina sehemu ya katikati kwenye chupa ya jamu iliyochemshwa dakika 15. Usikaze mfuniko, bado inatoa gesi. Andika tarehe, pishi lililotoka, na namba ya kizazi. Kwenye friji inakaa wiki mbili ikiwa na nguvu, na mililita 150 za tope zito zinatosha pishi la lita 20. Ikiwa kahawia, au inanuka mchuzi wa nyama, au bia mama ilikuwa na chembe ya ukali wa siki, mwaga. Usichukue kwenye bia yenye kilevi zaidi ya asilimia 6.5 wala kwenye bia uliyoitia hopsi nyingi wakati wa kuchacha. Sisi tunaishia kizazi cha tano, tunafungua pakiti mpya, na chupa ya kizazi cha pili tunampa jirani anayepika kesho.